Kufuli la Nje

Kawangware 46
Jumatatu, 5 Februari 2024

Kwa Mama Osewe,

Sijui kama utanikumbuka. Mimi ndiye niliyelia kwenye mkutano wa wazazi, pale ukumbi wa kanisa huko kwenu Kibera, ukanikatia nusu ya chapati yako ukaniambia, "Kula kwanza. Kulia na njaa ni kazi mbili." Naitwa Nasike. Mtoto wangu ni Lenah, ana miaka sita. Ndiye aliyekuwa chini ya meza siku ile.

Nakuandikia barua kama watu wa zamani kwa sababu simu yangu ilizama kwenye beseni la nguo. Ililia, Lenah akaitupa humo. Mlio wa simu humchoma. Mbula, yule dada wa tiba anayetutembelea, amesema huwa kwangu Jumatatu na kwako Alhamisi, na kubeba barua si mzigo.

Niseme moja kwa moja, maana nikizunguka nitalia tena. Lenah hasemi. Asubuhi anaanza mayowe na haachi hadi sauti imkauke. Ploti yetu ni vyumba vya mabati vilivyobanana, kila mtu anasikia. Wengine wanasema nampiga. Wengine wanasema ni mapepo. Keateka, msimamizi wa ploti, ametuambia tukishindwa kumnyamazisha, tutafute kwingine. Mume wangu Ambrose ni mtu mzuri, fundi wa kuchomelea vyuma, lakini mamake anampigia kutoka Bungoma kila jioni: mleteni mtoto aombewe, akae huku, nyinyi mtafute riziki. Zamani Ambrose alikuwa anabisha. Sasa anasikiliza tu.

Siku ile nilimwona Osewe wako akipanga viti. Kijana mrefu, mtulivu. Nilimwambia, "Hujambo?" naye akanijibu, "Hujambo." Ndipo nikalia. Usinicheke, Mama Osewe, sikuwa nimewahi kumwona mtu mwenye usonji akiwa mtu mzima. Ni kama nilikuwa nadhani hawafiki huko.

Ulianzia wapi? Nifundishe.

Ni mimi,
Nasike, Mama Lenah

*

Kisumu Ndogo, Kibera
Alhamisi, 8 Februari 2024

Mama Lenah,

Nakukumbuka. Chapati yangu pia naikumbuka.

Acha kwanza hii kazi ya kumnyamazisha. Mtoto ambaye hana maneno, mayowe ndiyo maneno yake. Anakuambia kitu. Sasa wewe kaa umtazame kama unavyotazama maziwa jikoni. Kabla hajaanza kulikuwa na nini? Kuna kitu kimelia? Kimenuka? Umemvalisha nini? Osewe akiwa mdogo alikuwa anajigonga kichwa ukutani kila Jumapili. Mchungaji alikuja na mafuta, akaondoka, akarudi na mchungaji mwingine. Kumbe ni sweta. Sweta yangu ya kanisa ilikuwa ya sufu, nikimbeba inamkwaruza kama msasa. Nilipoiacha, mapepo yakahama.

Mchoree picha. Kata kadi kwenye katoni ya sabuni: kikombe, beseni, kiatu, choo. Kabla ya jambo lolote mwonyeshe picha yake, ajue kinachokuja. Hakuna anayependa kuvutwa mkono bila kuambiwa anapelekwa wapi, hata wewe hupendi. Kwenye choo cha ploti mtangulize kabla watu hawajaamka, msipange foleni. Na ukipita naye kwa majirani usiinamishe kichwa. Wakiona unamwonea haya, nao watamwonea haya.

Kwetu ni salama. Osewe ana miaka kumi na tisa. Ndiye anayeanika omena yangu, wale dagaa ninaouza, na ole wako uchanganye kubwa na ndogo. Maneno yake ni machache na mengi ni yako mwenyewe anakurudishia, lakini mtaa unamjua. Anateka maji peke yake. Anaenda peke yake hadi kule kwa reli kwa Mburu, yule wa kushona viatu, anakaa naye, anarudi. Huyo ndiye aliyekuwa akipakwa mafuta kichwani.

Andika tena.

Adero, Mama Osewe

*

Kawangware 46
Jumatatu, 26 Februari 2024

Mama Osewe mpendwa,

Ni kinu cha posho!

Nyuma ya ploti yetu kuna mtu wa kusaga unga. Nilikaa nikatazama kama ulivyosema, na cherehani yangu nikaiacha. Lenah alikuwa amekaa vizuri anazungusha kifuniko cha sufuria. Kinu kikaanza. Sisi tulishazoea, hata hatukisikii tena. Yeye aliziba masikio, uso ukambadilika, ndipo mayowe yakaja. Nilitaka kupiga magoti nimwombe msamaha.

Nilimweleza Ambrose. Kesho yake alirudi na vile vya kuziba masikio wanavyovaa wakikata vyuma, akakaza utepe wake hadi ukamtosha mtoto. Asubuhi kinu kilipoanza, Lenah alikuwa amevivaa na anakunywa uji. Alikunywa wote. Ambrose alichelewa kazini kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni anamtazama.

Picha nazo tumeanza. Ya beseni anaielewa. Ya kiatu ameitafuna.

Lakini mama mkwe hajaacha kupiga simu, na Ambrose yuko katikati. Jana ameniambia, "Huyu mama wa Kibera unayemtaja kila siku, huyo kijana wake yuko kweli? Nataka nimwone kwa macho yangu. Nikiona mmoja amekua, nitajua la kumwambia mama." Tunaweza kuja Jumamosi hii? Hatutakaa sana. Aone tu.

Wako,
Nasike

*

Kisumu Ndogo
Alhamisi, 29 Februari 2024

Mama Lenah,

Hongera kwa hayo ya kinu.

Jumamosi haitawezekana. Osewe hayupo, amekwenda ocha, kijijini kwa mamangu, Nyakach. Anapumzika huko. Sijui atarudi lini.

Lenah usimzoeze kutoka peke yake. Hata akikua. Hasa akikua. Mtoto mdogo akikosea watu humwonea huruma, lakini huruma hiyo ina mwisho, inakwisha akiota ndevu. Wako ni msichana, na msichana ana hatari zake nyingine. Weka komeo zuri.

Nina kazi nyingi wiki hizi. Nisipoandika usijali.

Adero

*

Kawangware 46
Jumatatu, 11 Machi 2024

Mama Osewe,

Salamu. Natumaini Osewe anaendelea vizuri huko Nyakach.

Nilimsomea Ambrose barua yako kwa sababu alikuwa anaisubiri. Akasema, "Basi umeona. Hata huyo mwalimu wako amempeleka wake ocha." Nilitafuta jibu nikiwa nashona, nikiwa napika, sikupata.

Kwa hivyo imeamuliwa. Pasaka tunampeleka Bungoma, na tukirudi tutarudi wawili. Mama mkwe amefurahi. Amesema kuna chumba cha nyuma ambako hatasumbuliwa na watu. Nimeanza kumshonea nguo za kutosha, za kitambaa laini, nimetoa lebo zote shingoni kwa sababu zinamwasha. Nitamwandikia kukhu yake, yaani nyanya yake, maelezo ya kila kitu: uji, masikio, picha. Sijui kama atayasoma.

Sikulaumu wewe. Umebeba miaka yote hiyo peke yako. Nilidhani tu kwamba iko njia nyingine, na kwamba wewe ulikuwa umeipata.

Asante kwa yote.
Nasike

*

Kisumu Ndogo
Alhamisi, 14 Machi 2024

Nasike,

Usimpeleke.

Mbula amekaa kitini ananisubiri niandike. Amekataa kuondoka bila jibu langu. Osewe hayuko Nyakach. Yuko hapa nyuma yangu kitandani, amejifunika lesso kichwani. Hajatoka nje tangu kabla sijakuandikia ile barua ya uongo. Nikienda kuchukua omena namfungia kwa kufuli, kwa nje. Mimi. Niliyekuambia usiinamishe kichwa.

Nitakuambia kilichotokea, nawe umwambie baba Lenah.

Alikuwa akienda kwa Mburu kama kawaida. Kwenye vibanda vya mitumba kuna mama anaitwa Kavindu, anauza mayai ya kuchemsha. Mkoba wake ulikuwa begani, zipu imefunguka nusu. Osewe hawezi kuacha kitu nusu. Mlango nusu, kifuniko nusu, atakifunga tu. Akaushika mkoba. Kavindu akageuka akaona mwanamume mrefu ameshika zipu yake, akapiga kelele. Unajua neno alilopiga kelele nalo, na unajua neno hilo linafanya nini hapa Nairobi.

Walimshika. Mmoja akamuuliza, "Wewe ni mwizi?"

Na mwanangu akajibu, "Ni mwizi."

Nasike, anarudisha maneno. Ulimwambia hujambo akakuambia hujambo. Wakamuuliza tena na akakubali tena, na kila akikubali wanampiga. Kwa mateke, kwa mbao. Mtu mmoja alishaenda kutafuta tairi la kumchomea.

Mburu alisikia akaja anachechemea na mguu wake mbovu, ameshika nyundo ya viatu. Hawakumsikiliza alipowaambia ni mgonjwa. Hawakumsikiliza alipowaambia anamjua mamake. Ndipo akapaza sauti: "Basi muulizeni kama yeye ni ng'ombe!" Wakadhani ni mzaha. Mmoja akauliza, akicheka, "Wewe ni ng'ombe?"

"Ni ng'ombe."

"Wewe ni Rais?"

"Ni Rais."

Mburu anasema mbao zilianguka moja moja. Hakuna aliyesema pole. Waliondoka tu, kama watu waliokumbuka wameacha chungu jikoni.

Meno mawili yametoka. Mbavu zinapona. Lakini haguzi omena, hateki maji, na mimi nimeona afadhali awe hai ndani kuliko maiti nje. Nilikuficha kwa sababu ulinitazama siku ile kama mtu aliyeona taa. Sikutaka kuwa mimi wa kuizima.

Lakini nimesoma kuhusu kile chumba cha nyuma. Mimi ninacho hapa. Nakisikia nikiwa sokoni. Mtoto hapumziki humo, Nasike, anapungua. Kila nikifungua kufuli namkuta amepungua.

Usimpeleke Lenah kwa sababu ya uongo wangu.

Adero

*

Kawangware 46
Jumatatu, 18 Machi 2024

Mama Osewe,

Nilimsomea Ambrose yote. Nilipofika kwenye ng'ombe akachukua karatasi akamaliza mwenyewe. Alitoka nje akakaa kwenye jiwe la kufulia. Aliporudi aliniuliza jambo moja tu: "Mlango wake ni wa bati au wa mbao?"

Nikamwambia sijui.

"Jumamosi tutajua," akasema.

Tunakuja, sote watatu. Mbula amekubali kutuongoza. Usipike, nitakuja na chakula. Nimemshonea Osewe aproni ya kitambaa kigumu, ina zipu kifuani, zipu mifukoni, zipu hata mahali pasipo na mfuko. Mikono yake ikitaka cha kufunga, afunge hizo.

Na usitusafishie nyumba. Nakujua.

Nasike

*

Kisumu Ndogo
Alhamisi, 11 Aprili 2024

Mama Lenah, mdogo wangu,

Tangu mje sikukuandikia, nilitaka kwanza niwe na la kukuandikia. Sasa ninalo.

Baba Lenah alipong'oa lile komeo la nje sikulala vizuri siku nyingi. Nililala nikisikiliza mlango. Lakini kitasa alichoweka ndani kinafanya kazi, na kile kikengele chake kidogo hakimkeri Osewe. Mwanzoni alikuwa anafungua, kikengele kinalia, anafunga. Siku nzima. Jirani akaniuliza ninauza nini. Halafu Jumatano moja kikengele kililia na mlango haukufungwa. Nikageuka nikamkuta ametoka mwenyewe, bila kushikwa mkono, amesimama nje kwenye jua, amevaa aproni yako.

Mbula alituitisha wazazi wa mkutano, na safari hii sikumfundisha mtu, niliwaambia yaliyotupata. Kumbe tulikuwa wengi wenye kufuli. Tumegawana siku. Kuna mama anakaa na Osewe nikienda kununua omena, nami nakaa na binti yake akienda kufua nguo za watu. Ni jambo rahisi hivyo, na miaka yote hii hakuna aliyelitaja kwa sababu kila mmoja alijifanya anaweza.

Njia ya kwa Mburu tumeirudia kidogo kidogo. Siku mliyokuja ulimwona Osewe alivyokaa chini pale kwenye kona, na mume wako akakaa chini pamoja naye vumbini na suruali nzuri, Lenah akapanga vijiwe kwenye viatu vyao. Kesho yake tulifika kona ile ile. Wiki iliyofuata tukaipita. Kila kibanda nilisimama nikasema: huyu ni Osewe, ni mwanangu, ana usonji, ukimwuliza swali atakurudishia, kwa hivyo usimwulize, mwite jina na uniite mimi. Wengine walitazama viatu vyao. Ninawajua waliokuwepo. Niliwaambia hao kwa sauti zaidi.

Juzi tukafika kwa Kavindu.

Alituona, akaubana mkoba kwapani. Nilikuwa nimeandaa maneno, Nasike. Nilikuwa nayo tangu Februari, nimeyanoa. Lakini Osewe alikuwa ameshaiona zipu, na ilikuwa wazi nusu tena. Mkono wake ukaanza kwenda. Watu wakageuka kututazama. Nami badala ya yale yote niliyoyanoa nikasikia mdomo wangu ukisema, "Mama, zipu yako iko wazi. Hilo tu ndilo linalomsumbua. Siku ile pia lilikuwa hilo."

Aliitazama zipu. Halafu akautoa mkoba kwapani, akamnyooshea Osewe kwa mikono miwili. Osewe akaifunga hadi mwisho. Akaangalia kama imefika. Akaendelea na safari yake.

Kavindu akaniambia, "Mama, mimi sikujua."

Nilimwambia sasa anajua. Sikuwa na zaidi ya hapo, na sitadanganya kwamba moyo wangu umeisha uchungu. Haujaisha. Lakini nilipomfuata Osewe nilimkuta ameshafika kwa Mburu, amekaa, na Mburu anashona kiatu akilia kama mtoto.

Sasa niambie yako. Pasaka imepita na hujasema kitu. Lenah yuko wapi?

Adero

*

Kawangware 46
Jumatatu, 29 Aprili 2024

Mama Osewe,

Lenah yuko hapa, miguuni pangu, chini ya cherehani.

Nilikaa kimya kwa sababu nyumba ilikuwa na mgeni na nilikuwa naogopa mpaka kalamu. Ambrose alimpigia mamake akamwambia, "Hatuji. Mtoto anabaki na sisi." Mama mkwe akakata simu. Ijumaa Kuu akashuka hapa na begi, kuku, na chupa ya mafuta ya maombi. Alisema kama sisi tumeshindwa kumleta, amekuja kumchukua mwenyewe.

Sikulumbana naye, kwanza siwezi. Nilimwonyesha kadi za picha akanitazama kama mtu aliyeonyeshwa mchezo. Alimwombea Lenah kwa sauti kubwa, mtoto akapiga mayowe, naye akaomba kwa sauti kubwa zaidi. Ambrose akamwambia, "Mama, omba polepole. Mungu hana shida ya masikio, ni huyu aliye nayo." Nilidhani atamlaani. Akafunga chupa yake ya mafuta.

Sitakudanganya kwamba alibadilika hapo. Alilala ameelekea ukutani siku mbili. Kilichombadilisha sikukiona. Nilikuwa nimeenda kununua vifungo, mvua ikanizuia, nikarudi mbio nikijua kinu kimeshaanza na sijamvalisha Lenah vya masikioni. Nikasimama mlangoni. Kulikuwa kimya. Kukhu alikuwa amemvalisha mwenyewe, amekaa sakafuni, na anambana miguu kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu, kama anayekanda unga. Lenah amelala chali, macho yamelegea. Nilikuwa sijawahi kumwona amelegea hivyo. Mama mkwe akaniambia bila kunitazama, "Huyu anapenda kubanwa. Ukimgusa kidogo kidogo unamtekenya, ndiyo maana anakimbia. Mbona hamkuniambia?" Nikamwambia hatukuwa tunajua. Mbula alipokuja akasema ndivyo, akamwomba amwonyeshe mama mwingine wa hapa jirani. Basi ikawa kazi yake.

Hata kwa keateka alikwenda yeye mwenyewe kututetea, hatukumtuma. Sijui alimwambia nini. Tumebadilishana chumba na kijana mmoja asiyekuwepo mchana. Sasa tuko upande wa mbele, mbali kidogo na kinu. Mayowe yapo bado, lakini si ya kila siku. Jana alipiga, na sikujua kwa nini, na labda sitajua. Neno hajasema hata moja.

Jumamosi kukhu alirudi Bungoma, peke yake. Asubuhi hiyo alitaka twende bombani pamoja, yeye, mimi na Lenah. Kulikuwa na foleni. Mama mmoja wa ploti ya pili, ambaye sijawahi kusalimiana naye, alimtazama Lenah akirukaruka na vile vitu vyake masikioni, akamtazama kukhu na mvi zake, akasema kwa huruma, "Pole sana, mama, kwa huyo mjukuu."

Mama mkwe akaweka mtungi chini. Mtaa mzima ulisikia.

"Pole ya nini? Mimi naitwa Lenah. Huyu amepewa jina langu. Lenah wa kwanza ni mzee na mgongo wake unauma. Lenah wa pili ana haraka ya kurudi nyumbani. Wewe ukitaka kutupa pole, tubebee maji."

Na yule mama akainama akabeba.

Nasike
Mama Lenah wa pili